Safari ya Familia kwa Gari: Yapangwe Nyumbani, Yasiamuliwe Njiani

Mama mwenzangu, shule zinapokaribia kufungwa mwezi wa Juni, nyumba nyingi husikika mazungumzo ya safari. Watoto wanataka kumwona bibi, baba anataka kupumzika na kazi, na mama anatamani jamaa yote iwe pamoja walau kwa siku chache. Siku hizi familia zenye gari, au zilizoazimwa gari na ndugu, si chache kama zamani. Kwa hiyo baadhi yetu hatukati tena tiketi ya basi. Tunapakia mizigo, tunafunga milango, na baba watoto anashika usukani.

Ni baraka kubwa. Mnasimama mnapotaka, mnakula chakula chenu wenyewe, na watoto wanaiona nchi yao kwa macho badala ya kuisoma kitabuni. Lakini basi lina ratiba yake, lina dereva anayesimamiwa na mwenye basi na sheria, na nauli yake inajulikana. Gari lenu halina hayo yote mpaka ninyi wenyewe muyaweke. Asipopatikana wa kupanga, safari hujipanga yenyewe, na hujipanga vibaya.

Katika makala haya tutachukua njia moja iwe mfano: kutoka Dar es Salaam kwenda Nyanda za Juu Kusini hadi Matema, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Wewe unayeishi Mwanza, Tanga au Dodoma, ubadilishe majina ya miji. Mambo ya kupanga ni yale yale.

KAENI MEZANI KWANZA

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Neno la kuangalia hapo ni "kuketi". Gharama hazihesabiwi mtu akiwa amesimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi.

Wiki nne hivi kabla ya safari, baba na mama waketi pamoja, jioni watoto wakiwa wamelala, wakiwa na daftari. Yako mambo matatu ambayo lazima yakubaliwe siku hiyo: fedha, saa ya kusimama, na nani ana haki ya kusema "tusimame". Mengine yanaweza kusubiri. Haya matatu yasiposemwa nyumbani yatasemwa barabarani, na barabarani kuna joto, kuna njaa, kuna mtoto anayelia, na neno dogo hugeuka ugomvi.

FEDHA: HESABU KUTOKA MWISHO

Akina mama wengi huanza kwa kuuliza, "Tuna shilingi ngapi?" Anza na swali jingine: "Tutakaporudi, nini kinatusubiri?" Julai shule zinafunguliwa. Kuna madaftari, sare zilizochakaa, viatu, michango, na kwa wenye watoto shule za kulipia, ada. Fedha hizo zitengwe kwanza na zisionekane kabisa katika hesabu ya safari. Likizo nzuri isiyobakiza ada ya mtoto huacha uchungu ndani ya nyumba.

Kinachobaki kigawanyeni mafungu manne: mafuta, malazi, chakula, na dharura. Hesabu ya mafuta si ngumu. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni karibu kilometa 830, na kutoka Mbeya hadi Matema ni karibu 140 zaidi. Kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko ya hapa na pale, wekeni kilometa 2,100. Kama gari lenu linakwenda kilometa 10 kwa lita moja, mtahitaji lita 210. Bei elekezi za mafuta hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, hivyo hakuna sababu ya kukisia. Gari likijaa mizigo, na njia ikiwa ya milima, litakunywa zaidi ya kawaida, ongezeni kidogo.

Fungu la dharura lisiguswe kwa soda wala kwa zawadi. Hilo ni la tairi lililopasuka, la fundi, la hospitali. Mkirudi nalo nyumbani, mshukuruni Mungu.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mama, daftari hilo liwe mkononi mwako njiani. Kila kinachotoka kiandikwe siku ile ile, kabla ya kulala.

MAJIRA YA KUSAFIRI

Nchi yetu ni ya joto na mvua, na barabara hufuata majira. Ukanda wa pwani una masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Mwezi wa Juni kwa hiyo unafaa: mvua zimepungua, vumbi halijawa kali, na mchana ni wa baridi kiasi.

Ila usidanganyike na joto la Dar es Salaam ukapakia nguo nyepesi tu. Iringa, Njombe na Mbeya mwezi wa Juni ni baridi kweli kweli, hasa alfajiri. Kila mtoto awe na sweta, soksi na blanketi ndogo. Tena ukifika Tukuyu usishangae mvua kunyesha hata wakati wenzako mahali pengine wanalalamikia ukame.

KILA SIKU NA KITUO CHAKE

Wako wanaume wanaojivunia kutoka Dar es Salaam alfajiri na kulala Mbeya siku hiyo hiyo. Inawezekana, lakini kwa familia yenye watoto haifai. Gaweni njia hivi:

Siku ya kwanza: Dar es Salaam hadi Mikumi, karibu kilometa 300. Mtapita Chalinze, ambapo njia ya Tanga na Moshi huachana na ya kwenu, kisha Morogoro chini ya Milima ya Uluguru. Barabara kuu inakatiza katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilometa 50 hivi, na mara nyingi watoto huona swala, twiga, hata tembo bila kutoka barabarani. Fuateni alama za mwendo zilizowekwa humo. Anayegonga mnyama hutozwa faini, na kumgonga nyati kunaweza kuimaliza familia. Msishuke garini kupiga picha.

Siku ya pili: Mikumi hadi Iringa, karibu kilometa 200. Hapa mnapita bonde lenye mibuyu mingi kando ya Mto Ruaha Mkuu, halafu Ruaha Mbuyuni penye vitunguu, kisha mnapanda Kitonga. Mlima huu una kona kali, na malori yaendayo Zambia na Kongo hupanda taratibu sana. Dereva asiyapite konani hata kama nyuma yake wanapiga honi. Sindano ya joto la injini ikipanda, tafuteni mahali salama pa kuegesha na mpumzike. Mtu asifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto. Maji yale huruka na kuunguza uso.

Siku ya tatu: pumzikeni Iringa. Wapelekeni watoto Kalenga, kwenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa, ambako limehifadhiwa fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Karibu kilometa 20 kutoka mjini kuna Isimila, penye zana za mawe za watu wa kale na nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua na upepo. Dereva alale mchana.

Siku ya nne: Iringa hadi Mbeya, karibu kilometa 330, kwa kupitia Mafinga na Makambako, kisha bonde la Usangu, ambako Chimala na Igurusi huuzwa mchele.

Siku ya tano: Mbeya hadi Matema, mkipita Tukuyu. Kilometa ni chache lakini kona na miteremko ni mingi. Njiani kuna mashamba ya chai na migomba, na Daraja la Mungu, jiwe la asili lililolala juu ya Mto Kiwira. Eneo hili la Rungwe ndiko wamisionari wa Moravian walikoanza kazi mwaka 1891, nalo ni somo zuri kwa watoto wa shule ya Jumapili. Ulizeni wenyeji hali ya barabara kabla ya kuteremka ziwani.

Malazi yatafutwe kwa simu mapema. Makanisa kadhaa yana hosteli safi Iringa na Mbeya. Ulizeni kupitia usharika wenu. Uliza pia kama kuna vyandarua na kama gari hulazwa ndani ya uzio.

GARI LIKAGULIWE, NAWE UWEPO

Usiseme, "Mambo ya gari ni ya baba." Anayebebwa na gari hilo ni mwanao. Fundi mnayemwamini alikague wiki mbili kabla, si siku ya kuamkia safari, ili likionekana tatizo upatikane muda wa kulitengeneza. Akague breki, taa zote, waipa, mikanda ya injini, oili, maji ya rejeta, shokomzoba na betri. Mikanda ya kufunga abiria nayo ifanye kazi, hata ya nyuma.

Tairi lina umri hata kama kashata zake zinaonekana nzuri. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne zinazoonyesha lilipotengenezwa: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu hukakamaa, na kwa joto la lami na mzigo mzito hupasuka ghafla. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa la baridi, na tairi la akiba lisisahauliwe. Kabla ya kuondoka, mwombe baba watoto afungue tairi moja na kulirudisha mbele yako na watoto wakubwa, ili jeki na spana zijulikane kama zipo na kama zinafaa.

Ndani ya gari kuwe na pembetatu za kuakisi mwanga, kizima moto, tochi, kamba ya kuvutia, na madumu mawili ya maji, moja la kunywa na moja la rejeta. Leseni, bima na nakala ya kadi ya gari viwe katika bahasha moja, pamoja na kadi za bima ya afya. Namba ya dharura ya polisi ni 112, watoto waijue.

WATOTO WAKETI WAPI?

Sisi akina mama tumezoea kumpakata mtoto kiti cha mbele, tukiamini hakuna mahali salama kuliko kifuani mwa mama. Upendo huo ni wa kweli, lakini mikono haiwezi. Gari linapogonga kitu, mtoto hutupwa mbele kwa nguvu ambayo hakuna mama awezaye kuizuia. Watoto waketi nyuma. Mdogo awe katika kiti chake cha mtoto kilichofungwa imara, na wakubwa wafunge mikanda, kila mmoja wake. Kama mikanda haitoshi idadi yenu, jibu si kubanana. Jibu ni kupunguza watu au kumkatia shangazi tiketi ya basi.

Mizigo mizito isirundikwe nyuma ya vichwa vyao. Ndoo na masufuria hugeuka mawe breki zinapokamatwa ghafla.

Kila mnaposimama, kabla ya kuondoka, hesabuni watu kwa majina. Yusufu na Mariamu walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani Yesu yumo katika msafara, kama tunavyosoma katika Luka 2. Kama wazazi wale walidhani, sisi tusidhani. Tuhesabu.

CHAKULA NA AFYA

Pika vitu vikavu visivyochacha haraka: maandazi, chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, karanga, ndizi. Nyama ya mchuzi iliyofungiwa tangu alfajiri isiliwe saa nane mchana katika joto la Mikumi. Maji ya kunywa yawe yamechemshwa au ya chupa, na sabuni ya kunawa mikono iwe karibu.

Mtoto akiharisha, kupungukiwa maji ndiko kunakoua. Chukua pakiti za maji ya chumvichumvi kutoka duka la dawa. Zikikosekana, changanya lita 1 ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, umpe kidogo kidogo mara nyingi, huku mkitafuta kituo cha afya.

Kyela na Matema ni nchi ya tambarare yenye malaria. Chukueni vyandarua vyenye dawa hata kama mmeahidiwa kuvikuta. Mtoto akipata homa siku saba au zaidi baada ya kulala huko, mpeleke akapimwe upesi na umwambie daktari mlikuwa wapi. Na ziwani, watoto wasiogelee penye matete, wala karibu na mito inapoingia ziwani, kwa sababu ya kichocho na mamba. Wenyeji wanajua mahali pa salama; waulizeni.

NENO "TUSIMAME"

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi wetu hatulisemi. Mama anaona macho ya mumewe yanalegea. Anaona gari linagusa mstari wa kati, linarudi. Moyo unamdunda, lakini ananyamaza, kwa kuwa anaogopa kuambiwa, "Unajua kuendesha wewe?" Anaomba kimyakimya. Kuomba ni vema, lakini Mungu amempa pia mdomo.

Kumheshimu mume hakumaanishi kumwacha asinzie na watoto wenu nyuma yake. Ila heshima inadai kwamba jambo hili lizungumzwe mapema, si wakati amechoka na kuona aibu. Pale mezani, mwambie kwa upole: "Baba watoto, naomba tukubaliane. Tupumzike kila baada ya saa mbili. Ikifika saa kumi na moja jioni, popote tulipo, tutafute pa kulala. Na mmoja wetu akisema tusimame, tusimame kwanza, sababu tuulizane baadaye." Wanaume wengi wenye busara watakubali, maana nao wanawapenda watoto hao. Wengine hata watashukuru, kwa kuwa wamechoka kujifanya hawachoki.

Mkishakubaliana, njiani hutahitaji maneno mengi. Utasema tu, "Saa imefika." Hapo hushindani naye, unamkumbusha neno lake mwenyewe.

Usiku una hatari zake. Jua likizama kuna malori yaliyoharibika bila taa, ng'ombe wanaorudi zizini, waendesha baiskeli wasioonekana, na taa za kupofusha macho. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, hivyo giza halimaanishi barabara tupu. Kahawa na muziki wa kelele haviondoi usingizi. Dawa ya usingizi ni kulala. Kama una leseni na uzoefu, pokezaneni. Kama huna, kazi yako si kulala kitini. Msomee alama, shika simu yake ili asiiguse, na mwangalie macho.

Lakini nasi tujiangalie. Mama anayepiga kelele kila kona, anayekumbusha deni la mwaka jana gari likiwa katikati ya Kitonga, naye ni hatari barabarani. Ugomvi wa wakwe, wa fedha, wa mawifi, uachwe nyumbani au usubiri kituoni.

Katika vijiji mwendo ni kilometa 50 kwa saa, na trafiki wana tochi. Dereva akikosea, akubali kosa na faini ilipwe kwa njia halali ya serikali, kwa namba ya malipo. Watoto walio kiti cha nyuma wanatazama mkono wa baba yao. Noti moja inayopenyezwa dirishani inaweza kufuta mafundisho ya mwaka mzima.

KURUDI

Ajali haichagui kwenda wala kurudi, ila wakati wa kurudi watu huharakisha kwa sababu Jumatatu kuna kazi. Wekeni siku moja ya akiba, mfike nyumbani Jumamosi. Mkiteremka Kitonga tumieni gia ya chini, ya pili au ya tatu, ili injini isaidie kuzuia gari. Anayekanyaga breki mlima mzima huzipata zimeshika moto na hazishiki tena.

Mizigo nayo iwe na kiasi. Mchele wa Kyela unanukia, ndizi za Tukuyu ni tamu, vyungu wanavyofinyanga akina mama wa Kikisi karibu na Matema ni vizuri sana, na nyanya za Ilula ni za bei nafuu. Chagua viwili au vitatu. Gari lililolemewa hukawia kusimama.

Jumapili ikiwakuta njiani, ingieni kanisa lililo karibu, mtoe sadaka yenu na kuwasalimu ndugu. Na asubuhi ya kila siku, kabla injini haijawashwa, someni Zaburi ya 121, zaburi ya wasafiri, na mmoja wa watoto aombe.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Fedha za Julai zimetengwa wapi, na nani anaweza kuzigusa?
2. Saa yetu ya kusimama jioni ni ipi?
3. Kila mtu ana mkanda wake?
4. Mama akisema "tusimame", tutafanya nini? Na mtoto akisema?

Mkiyajibu haya bila kuoneana haya, safari yenu imekwisha kuanza vizuri kabla ya kugusa ufunguo. Mwenda pole hajikwai. Bwana awatangulie mwendapo, na awarudishe nyote nyumbani, bila kupungua hata mmoja.